Picha zinazoogopa mwanga

Mwaka 1921, ndugu wawili wa Boston, Marekani, William na John Spaulding, waliikabidhi Museum of Fine Arts ya mji wao picha zipatazo 6,500 za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Zawadi hiyo ilikuja na sharti moja zito: picha hizo zisitundikwe ukutani kamwe. Anayetaka kuziona aende, aketi, aletewe moja moja mezani, kisha zirudi gizani. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na sharti hilo bado linaheshimiwa.

Kwa asiyezijua picha hizi, sharti hilo linafanana na uchoyo wa matajiri. Mimi naamini ndugu hao walikuwa na busara kuliko wakusanyaji karibu wote wa kizazi chao, na sababu imo ndani ya rangi zenyewe. Katika karne ya 18 wachapaji wa Japani walipata zambarau yao kwa kuchanganya wekundu uliokamuliwa kwenye maua ya benibana na buluu ya ua dogo liitwalo tsuyukusa, ambalo ni ndugu wa yale magugu yenye maua ya buluu yanayoota mashambani kwetu baada ya mvua. Buluu hiyo haistahimili mwanga, na tone la maji linatosha kuiharibu. Ndiyo maana picha nyingi za Suzuki Harunobu zilizotawanyika duniani zina mito yenye rangi ya vumbi na nguo zilizogeuka kahawia. Watazamaji huzisifu kwa upole wa rangi zake, kumbe wanachokisifu ni uchakavu. Picha za Harunobu zilizolala Boston bado zina maji ya buluu na zambarau changa.

Hapo ndipo anapopaswa kuanzia mtu yeyote anayefikiria kukusanya picha hizi za kale, ambazo Wajapani huziita ukiyo-e. Wengi huanza kwa kuuliza jina la msanii, kisha bei. Kwa maoni yangu jina ni jambo la tatu. La kwanza ni hali ya karatasi na rangi, na la pili ni ubora wa uchapaji wenyewe.

Kuelewa uchapaji kunahitaji turudi Edo, mji unaoitwa Tokyo leo. Katika karne ya 17, enzi za Hishikawa Moronobu, picha zilichapwa kwa wino mweusi tu, na kama kulikuwa na rangi, ilipakwa kwa mkono. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1765. Watu wenye uwezo na wapenzi wa ushairi walikuwa na mchezo wa kubadilishana kalenda za picha, ambazo ndani yake zilifichwa alama za miezi mirefu na mifupi ya mwaka. Kila mmoja alitaka ya kwake iwe nzuri kuliko ya mwenzake, pesa zikamwagwa, na Harunobu pamoja na mafundi wake wakafikia hatua ya kuchapa picha yenye rangi kamili kwa kutumia vibao vingi. Wachapishaji wakaona biashara hapo, wakaipeleka sokoni.

Picha moja ilipita mikononi mwa watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji, akachagua mada, na hasara ilikuwa yake. Mchoraji alichora mistari kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi kwenye ubao wa cheri ya mwituni, akachonga kwa kufuata mistari hadi mchoro wenyewe ukatoweka na kubaki mbao iliyoinuka. Ubao huo ukatoa nakala chache nyeusi, mchoraji akaonyesha rangi gani iende wapi, na kila rangi ikachongewa ubao wake. Mwisho alikuja mchapaji. Alipaka rangi kwenye ubao kwa brashi pamoja na gundi ya mchele, akalaza juu yake karatasi yenye unyevunyevu iliyotengenezwa kwa magome ya kozo, mti wa jamii ya mforosadi, kisha akaisugua mgongoni kwa kisahani bapa kiitwacho baren, kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Kwenye kila ubao zilichongwa alama mbili, moja ya pembe na nyingine ya mstari mfupi, na karatasi ilipachikwa humo kila mara ili rangi zisiachane. Picha yenye rangi kumi ilipitia kazi hiyo tena na tena, na mchapaji akikosea kwa unene wa uzi, kazi yote iliyotangulia imekwenda na maji.

Pamoja na ustadi wote huo, picha iliuzwa kwa bei ya bakuli moja au mawili ya tambi za soba. Aliinunua seremala, muuza samaki, msafiri aliyetaka zawadi ya kupeleka kijijini. Zilikuwa picha za waigizaji wa kabuki, za wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa starehe wa Edo, za wanamieleka wa sumo, baadaye za njia na mandhari. Zilibandikwa kwenye nguzo na milango ya kuteleza, watoto wakazichezea, na zikichakaa zikatupwa. Serikali ya shogun iliziona ni jambo la kutazamwa kwa jicho kali. Mwaka 1804 Kitagawa Utamaro, bingwa wa kuchora wanawake, alifungwa pingu kwa siku 50 kwa sababu ya picha zilizomwonyesha mtawala wa zamani Toyotomi Hideyoshi, naye akafariki mwaka 1806. Mwaka 1842 zikaja amri zilizopiga marufuku picha za waigizaji na za wanawake wa Yoshiwara, na kuwekea mipaka wingi wa rangi na hata bei.

Udhibiti huo umemwachia mkusanyaji wa leo zawadi kubwa. Kila picha ilipaswa kupigwa muhuri wa ukaguzi, na mihuri ilibadilika kadiri taratibu zilivyobadilika. Muhuri mdogo wa mviringo unaosomeka kiwame unaashiria kipindi cha takriban 1790 hadi 1842. Baada ya hapo ilikuja mihuri yenye majina ya wakaguzi, na kuanzia mwaka 1852 mihuri ikaanza kutaja mwaka na mwezi. Mtu asiyejua Kijapani hata kidogo anaweza kujifunza mihuri hiyo kwa wiki chache, akaweza kukadiria umri wa picha kwa macho yake bila kutegemea maneno ya muuzaji.

Swali linalowachanganya wengi ni hili: ipi basi ndiyo picha halisi? Mchoro wa msanii uliishia chini ya patasi. Kilichopo ni nakala, na kila nakala iliyotoka kwenye vibao vya asili ni halisi. Lakini hazilingani hata kidogo. Kwa desturi hutajwa kwamba awamu ya kwanza ya uchapaji ilikuwa nakala 200 hivi, huku mchoraji na mchapishaji wakisimamia. Picha ikipendwa, vibao viliendelea kufanya kazi mpaka mistari ikavimba, ikakatika, na mchapishaji mwenye haraka akapunguza rangi ili kubana gharama.

Chukua lile Wimbi Kubwa la Kanagawa la Katsushika Hokusai, lililochapwa mwaka 1831 hivi katika mfululizo wa Mandhari 36 za Mlima Fuji, mfululizo uliopendwa hata ukaishia kuwa na picha 46. Ni karatasi ndogo, haifiki sentimita 40 kwa upana. Wimbi limejikunja juu ya mashua tatu za wavuvi, povu lake limekatika vipande kama kucha, na Fuji unaonekana mdogo kwa mbali. Sasa acha wimbi, tazama pembe ya juu kushoto. Kuna kisanduku cha maandishi chenye jina la picha, kilichozungushiwa mistari miwili myembamba. Katika nakala za mwanzo mistari hiyo ni kamili. Katika nakala za baadaye imekatika, kwa sababu kingo nyembamba za mbao zilivunjika kwa kusuguliwa. Kisha tazama anga. Kulikuwa na wingu hafifu lenye rangi ya waridi, ambalo katika nakala nyingi halionekani tena kwa kuwa mwanga umelimaliza. Buluu ya maji yenyewe ipo imara kila mahali, maana Hokusai alitumia buluu ya Berlin, rangi ya kemikali iliyogunduliwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 18 na kufika Japani kupitia bandari ya Nagasaki. Inavumilia mwanga kuliko ile ya ua la tsuyukusa. Capucine Korenberg, mtafiti wa British Museum, alizisaka nakala za Wimbi zilizobaki duniani na kuzilinganisha mstari kwa mstari. Alizipata zaidi ya 100 tu, kati ya maelfu yaliyochapwa.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Utagawa Hiroshige, picha ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ohashi, ya mwaka 1857, katika mfululizo wake wa Mandhari Mia Moja Mashuhuri za Edo. Watu wanakimbia darajani wamejikunyata chini ya miavuli na mikeka. Mvua ni mistari myembamba kama nywele iliyochongwa kwenye vibao viwili tofauti, kila kimoja kikiwa na mwinamo wake na wino wenye uzito wake, kwa hiyo ukiitazama kwa karibu unaona mvua inapishana. Wingu jeusi la juu halikuchongwa. Mchapaji aliipangusa rangi kwa mkono juu ya ubao mtupu kila alipochapa karatasi, na ndiyo maana hakuna nakala mbili zenye wingu linalofanana. Katika nakala za mwanzo, ng'ambo ya mto kuna vivuli vya mashua mbili. Katika zilizofuata mashua hizo hazipo. Tofauti hiyo ndogo inatosha kubadilisha bei mara nyingi.

Picha hiyo hiyo Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta mjini Paris mwaka 1887. Katika majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887 alinunua picha za Kijapani zipatazo 660 kwa mfanyabiashara Siegfried Bing, kwa bei ya kutupa, akitaka kuziuza tena. Biashara haikwenda, zikabaki kuwa za kwake, na sehemu kubwa imehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko Amsterdam. Mchoraji Claude Monet naye alizijaza kuta za nyumba yake ya Giverny kwa picha hizo.

Kuna hadithi maarufu kwamba Ulaya ilizijua picha hizi kwa sababu zilitumika kufungia vyombo vya kaure. Huenda karatasi kadhaa zilifika hivyo, lakini hadithi hiyo inawanyima haki Wajapani walioifanya biashara hii kwa akili na maarifa. Hayashi Tadamasa alifika Paris kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1878, akiwa mkalimani. Akabaki, akafungua duka, akawafundisha Wafaransa kutofautisha kizuri na cha kawaida. Kwa hesabu za biashara yake mwenyewe, katika muda wa miaka kumi na kitu aliingiza picha zaidi ya 150,000. Alizigonga muhuri wake mdogo mwekundu zile alizozithamini, na hadi leo mnunuzi akiuona muhuri wa Hayashi moyo hutulia.

Mkondo huo uliwahi pia kurudi nyuma. Sonara mmoja wa Paris, Henri Vever, alikuwa amejenga moja ya hazina kubwa kuliko zote Ulaya. Mwaka 1920 tajiri wa viwanda vya meli Matsukata Kojiro alinunua kwake picha zipatazo 8,000 na kuzirudisha Japani, na sasa zimo katika Jumba la Taifa la Makumbusho la Tokyo. Wajapani wanapokwenda pale kutazama kazi za wachoraji wao, Utamaro na Sharaku, sehemu nzuri ya wanachokiona ilishavuka bahari mara mbili.

Penye pesa hapakosi ujanja. Mbunifu wa majengo Frank Lloyd Wright, ambaye ndiye aliyewanunulia ndugu Spaulding sehemu kubwa ya picha zao, alikuwa pia dalali mkubwa wa picha hizi. Miaka ya karibu na 1920, wakati akijenga Hoteli ya Imperial mjini Tokyo, alinunua fungu kubwa na kuwauzia wateja wake Marekani. Ikabainika kwamba nyingi zilikuwa zimefanyiwa ukarabati wa siri: rangi zilizofifia zilichapwa upya juu ya karatasi ya zamani kwa vibao vipya. Karatasi ya kweli, mistari ya kweli, rangi ya uongo. Wright ilimbidi awafidie wateja wake. Kama mtu mwenye jicho lake aliuziwa mbuzi kwenye gunia, sisi wengine tuna kila sababu ya kwenda polepole.

Siku hizi hatari iliyo karibu zaidi na mnunuzi wa kawaida ni picha zilizochongwa upya. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa Japani wamekuwa wakichonga vibao vipya vya kazi mashuhuri na kuzichapa kwa mkono, kwa njia ile ile ya kale, na karakana za Tokyo zinaendelea na kazi hiyo. Nyingine ni nzuri sana na zinauzwa kwa uaminifu. Tatizo ni pale mtu wa tatu anapoziingiza sokoni kama za mwaka 1830. Ukipewa picha, kwanza hakikisha imechapwa kwa mkono. Igeuze mgongo: rangi ipenye nyuma, na alama za kusuguliwa na baren zionekane kama duara hafifu. Ishike pembeni mwa taa uone mibonyeo iliyopigwa bila rangi kwenye kola au theluji. Tumia kioo cha kukuzia, na ukiona vidoti vidogo vilivyojipanga, hiyo ni kazi ya mashine ya kisasa, irudishe. Matundu ya wadudu, mkunjo wa katikati na matundu ya kushonea kitabu si aibu, ni historia ya karatasi. Kingo zilizokatwa ni kasoro kubwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi zimeondoka na jina la mchapishaji au sehemu ya picha.

Kuhusu bei, magazeti huandika za kutisha tu. Ni kweli kwamba Machi 2023 nakala ya mwanzo ya Wimbi Kubwa iliuzwa dola milioni 2.76 katika mnada wa Christie's, New York, na tangu Julai 2024 wimbi hilo hilo limo kwenye noti mpya ya yeni 1,000. Lakini mafundi wa Edo walichapa kwa wingi, na dola mia mbili hivi bado zinampatia mtu karatasi halisi ya Utagawa Kunisada, mchoraji aliyefanya kazi nyingi kuliko wenzake wote na ambaye enzi zake alimzidi Hokusai kwa mauzo. Mara nyingi itakuwa karatasi moja iliyotenganishwa na wenzake wawili, kwa kuwa picha za waigizaji zilipangwa tatu tatu. Mimi ningemshauri anayeanza achukue Kunisada safi mwenye rangi kamili kuliko Hiroshige aliyefifia na kukatwa kingo, hata kama bei ni moja.

Wengine huanzia karne ya 20, nako si kubaya. Mchapishaji Watanabe Shozaburo alifufua mfumo wa mafundi wanne kuanzia miaka ya 1910, na msanii wake mkuu wa mandhari, Kawase Hasui, aliacha picha za theluji na usiku zinazomfanya mtu asiseme kitu. Tetemeko la ardhi la Septemba 1, 1923 liliteketeza duka la Watanabe, vibao vyake na vitabu vya michoro vya Hasui, ndiyo maana kazi zao za kabla ya siku hiyo ni adimu. Yoshida Hiroshi, aliyesimamia mwenyewe uchapaji wa kazi zake, alizigonga pambizoni muhuri unaosomeka jizuri. Picha yake ikikosa muhuri huo, uwezekano mkubwa ni kwamba ilichapwa bila usimamizi wake, na bei inapaswa kushuka.

Ukishanunua, kazi inaanza. Usitumie selotepu, wala gundi ya dukani, wala kadibodi ya kawaida, kwa sababu asidi yake itaacha doa la kahawia. Wahifadhi hutumia karatasi isiyo na asidi na vipande vyembamba vya karatasi ya Kijapani vilivyobandikwa kwa uji wa wanga wa ngano, ambao unaweza kuondolewa kwa maji. Kioo kinachochuja miale ya urujuanimno kinasaidia kidogo, hakizuii mwanga wenyewe. Makumbusho makubwa huonyesha picha kwa miezi michache kisha huzipumzisha kwa miaka. Kwa anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam kuna adui wa pili, unyevu wa pwani, unaoleta ukungu na vidoa vya kutu kwenye karatasi. Sanduku la karatasi isiyo na asidi, mahali penye hewa na mbali na ukuta wa nje, litafanya zaidi ya fremu ya gharama yoyote.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fungua tovuti ya ukiyo-e.org, ambayo imekusanya picha zaidi ya 200,000 kutoka makumbusho na wauzaji wa nchi mbalimbali. Pandisha picha ya kile unachotaka kununua, nayo itakutafutia nakala nyingine za picha hiyo hiyo. Zilinganishe taratibu: kisanduku cha jina, kingo, anga, mihuri. Ukikuta nakala unayouziwa haina kitu ambacho nyingine zote zinacho, muulize muuzaji kilipotea lini, na kama hana jibu, weka pesa zako mfukoni.